Barua kwa mwanangu: Upendo na chuo cha Berea

Rehema mwanangu,

Marahaba. Picha ya barua ya chuo uliyonitumia nimeisoma, nimempa na mama yako akaisoma. Hongereni sana. Mwambie Upendo babu yake amefurahi mno.

Umeniuliza jambo moja: je, shahada ya Berea, chuo kidogo cha Kikristo katika jimbo la Kentucky, Marekani, ambacho huko mtaani kwenu hakuna aliyewahi kukisikia, itampatia mtoto kazi akirudi, au achukue ile nafasi ya uhandisi Dar es Salaam kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya serikali? Suala la cheti kutambuliwa ni la TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Wao ndio wanaotathmini vyeti vya nje, kwa hiyo ulizeni mapema, kabla hajapanda ndege. Mimi nilisoma palepale Berea, na cheti changu kilinitosha kushika chaki mpaka nikastaafu, na ninyi wote mmesoma kwa chaki hiyo.

Lakini mwishoni mwa ujumbe wako kuna maneno yaliyokuponyoka: "Na hiyo kazi ya lazima, baba, ina maana mwanangu atafanyishwa usafi?" Hapo ndipo nilipokwama.

Ndiyo, Rehema, huenda akafanya usafi. Au atahudumia meza kwenye hoteli ya chuo, au atalisha ng'ombe, maana chuo kina shamba lake, au atapangwa maktaba. Kila mwanafunzi wa Berea anafanya kazi, saa zisizopungua 10 kwa wiki, na analipwa kidogo. Hawafanyi hivyo kwa adhabu. Tangu 1892 chuo kile hakimtozi mwanafunzi ada. Gharama ya masomo inabebwa na michango ya watu pamoja na faida ya akiba kubwa ambayo chuo kimeiwekeza, akiba inayozidi dola bilioni moja. Wanachukua watoto wa familia zisizo na uwezo, wengi wao Wazungu kwa Weusi kutoka milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, na wachache kama sisi kutoka nje. Tajiri hata akitaka kulipa, nafasi si yake. Unajua ninavyosema siku zote: chuo utakijua kwa kumwangalia anayeosha vyombo vyake. Pale anayeosha vyombo ni yule yule utakayekaa naye kesho asubuhi kwenye somo la falsafa.

Mimi nilipangwa karakana ya mafagio. Hili nimewahi kuwagusia, ila sidhani kama niliwahi kuwaeleza vizuri. Siku ya kwanza nimeingia, nikakuta mafungu ya mabua yenye vichwa vya nyuzi ndefu yamelazwa mezani, yamenyunyiziwa maji ili yasikatike. Nikachukua moja, nikalinusa. Mtama! Si ule wa kula. Ni aina nyingine inayokuzwa kwa ajili ya mafagio tu, punje zake zinachambuliwa na kutupwa, lakini ni mtama. Mimi mtoto wa Singida, niliyekua nafukuza kwelea kwelea shambani kwa bibi yako toka alfajiri, nimevuka bahari nikakabidhiwa mtama. Unafunga mafungu kwenye mpini kwa waya, unazungusha huku umekanyaga pedali kukaza, halafu unaubana ufagio ukae bapa na kuushona kwa sindano nene kama msumari. Ukikaza vibaya, mabua yanachomoka siku ya kwanza mtu anapofagia. Msimamizi wetu, mzee wa palepale milimani, alikuwa anaupiga ufagio mara moja kwenye ukingo wa meza. Likidondoka bua hata moja, unafumua na kuanza upya. Nilifumua sana mwaka ule, na baadaye nikawa ndiye ninayefundisha wageni.

Sasa nikueleze kilichofuata, maana nadhani mama yako hajawahi kukusimulia. Niliporudi nyumbani, ukoo ulikusanyika. Ng'ombe walikuwa wameuzwa kwa ajili ya nauli yangu, kwa hiyo kila mtu alikuwa na haki ya kuuliza. Mmoja wa baba zangu wakubwa akasimama mbele ya wageni: umesomea nini? Nikajibu historia. Historia ya nani? Nikaeleza. Na kule ulikuwa unaishije? Nikamweleza kuhusu mafagio kwa furaha kabisa, nikatoa na ule niliomletea mama zawadi. Yule mzee akauinua juu watu wauone, akasema, "Ng'ombe wetu wamekwenda Amerika, wamerudi ufagio." Watu wakacheka, Rehema. Walicheka mpaka wakina mama walioko jikoni wakatoka kuuliza kuna nini. Baba yangu hakucheka, wala hakunitetea. Alitazama chini.

Bibi yako ndiye aliyeinuka, akauchukua ule ufagio mikononi mwa shemeji yake. Akaugeuza, akapitisha kidole kwenye mishono, akavuta bua moja kwa nguvu. Halikutoka. Akaniuliza, "Waya umeukazaje?" Ndilo swali pekee la maana nililoulizwa siku ile, na nilimjibu mpaka giza likaingia.

Kwa hiyo ukiniandikia "atafanyishwa usafi", nasikia kile kicheko. Si kosa lako, hukuwepo. Ila nataka ujue kinatoka wapi.

Sitaki nikipambe chuo kile. Historia yake niliisoma palepale, na ina mahali panapouma. Kilianzishwa mwaka 1855 na John Fee, mchungaji aliyepinga utumwa, ndani ya jimbo lililoruhusu utumwa. Mwaka 1859 watu wenye silaha waliwafukuza yeye na wenzake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha walirudi, na kufika 1866 watoto wa Kiafrika waliokuwa watumwa juzi tu na watoto wa Kizungu walikuwa wanakaa darasa moja. Kusini mwa Marekani! Kaulimbiu yao imetoka Matendo ya Mitume sura ya 17, kwamba Mungu ameumba watu wote kwa damu moja. Carter Woodson, yule mwanahistoria aliyeanzisha juma la historia ya Weusi mwaka 1926, alihitimu pale mwaka 1903. Mwaka uliofuata bunge la Kentucky likatunga sheria ya kuwatenganisha wanafunzi, na shabaha ilikuwa Berea, maana hapakuwa na chuo kingine jimboni kinachowachanganya. Chuo kikaenda mahakamani mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, kikashindwa mwaka 1908.

Kilichofuata kinanisumbua hadi leo. Wazungu walibaki Berea. Weusi walijengewa shule yao karibu na mji wa Louisville, ikafunguliwa 1912. Nikiwa kijana nilisema: kama mliamini ile kaulimbiu, kwa nini msifunge milango yote? Mzee ninayekuandikia leo anasema: wangefunga, sheria ilipolegezwa mwaka 1950 nani angewarudisha wanafunzi Weusi? Halafu nikilala najijibu tena: miaka zaidi ya 40 ni maisha ya mtu. Mtoto aliyekataliwa mwaka 1905 hakusubiri 1950. Hoja hii sijaimaliza. Ila chuo kinachomfundisha mwanafunzi wake aibu ya chuo chenyewe, waziwazi, katika somo la lazima, mimi nakiheshimu.

Kuhusu Ukristo wake, mwambie baba Upendo asiwe na hofu. Hakiko chini ya dhehebu lolote na hakimlazimishi mtu kusali. Kwenye karakana yetu alikuwepo Mwislamu, na swala zake hazikuwahi kumletea shida na yeyote.

Lenye uzito kweli ni hili. Upendo anataka kujenga madaraja tangu akiwa mdogo, na Berea haina shahada ya ujenzi wa barabara na madaraja. Pale mtu anasoma mapana kwanza: historia, hesabu, sayansi, sanaa, dini, uandishi, ndipo anazama kwenye fani yake. Kwa mtu ambaye hajui anachotaka, ni baraka. Kwa mtu anayejua, inaweza kuwa miaka ya kungoja. Mimi sikujua nilichotaka. Yeye anajua, au anadhani anajua. Ana miaka kumi na tisa. Unaona ninavyozunguka?

Nilitaka kukuandikia "aende". Nimeliandika neno lile na kulifuta, maana mtoto ni wenu, na mzee aliyependa mahali hafai kuwa hakimu wa mahali hapo. Lakini kama ungeniuliza ningefanya nini kama angekuwa wewe, mwaka ule ulipomaliza kidato cha sita, basi... hapana. Mtaamua ninyi.

Ila uamuzi usiegemee kwenye usafi. Mkimzuia kwa sababu ya madaraja, nitanyamaza na nitachangia nauli ya Dar es Salaam. Mkimzuia kwa sababu ya ndoo na ufagio, nitakuja huko mwenyewe.

Kabla hamjajibu barua ya chuo, waandikieni muulize mambo matatu: bima ya afya nani analipa, likizo ya majira ya joto atakaa wapi, na chakula na malazi yanabaki kiasi gani baada ya msaada wao. Majibu yakija nitumie yote kama yalivyo, usinifupishie. Na Upendo anipigie mwenyewe Jumamosi jioni, mama yake asikae pembeni akimnong'oneza.

Mama yako anasalimia. Anasema ule mfuko wa dengu aliokutumia umwambie kama ulifika.

Baba yako