Ukienda kusoma ibada za Kitao vijijini China, muziki usubiri kwanza

Wengi wanaotaka kusoma muziki wa Kitao, dini ya jadi ya Wachina, huanzia mahekalu yenye jina: Baiyun Guan mjini Beijing, Wudang Shan mkoani Hubei, Xuanmiao Guan mjini Suzhou. Huko kuna sare nzuri, ratiba, na mara nyingine jukwaa kabisa. Lakini kama unatafuta ibada ambayo watu bado wanaihitaji, nenda mashambani, na nenda msibani. Kaskazini mwa mkoa wa Shanxi, katika wilaya kama Yanggao karibu na mji wa Datong, makuhani wa Kitao ni wanavijiji wenye wake na watoto, waliorithi kazi kwa baba na babu. Watu huwaita yinyang. Hawakai hekaluni, familia iliyofiwa inawaita, inawalipa, nao wanarudi makwao.

Kinachowavuta wageni ni ala: guanzi, zumari fupi ya mbao yenye tete pana; sheng, ala ya kupuliza yenye mirija 17; na yunluo, fremu ya patu ndogo kumi. Hapo ndipo utafiti unapopotea. Mtu anarudi na saa nyingi za guanzi na hajui ni sehemu gani ya ibada ilikuwa ikiendelea. Sehemu kubwa ya kazi ya makuhani ni kuimba maandiko, na nyimbo nyingi zina ngoma na matoazi tu, bila ala ya kupuliza hata moja. Kuziruka hizo ni kama kusoma maulidi kwa kuangalia dufu peke yake.

Msiba haupangiki, kwa hiyo tafuta chumba mjini makao makuu ya wilaya na ukae. Tarehe ya mazishi huchaguliwa na yinyang mwenyewe kwa kalenda ya jadi, na inaweza kuwa siku kadhaa baada ya kifo au zaidi. Wanaojua mapema ni wenye maduka ya majeneza na vitu vya karatasi vya kuchomea wafu. Jenga urafiki nao kabla ya kumtafuta ofisa yeyote wa utamaduni. Sikukuu za mahekalu zina tarehe, kama vile siku ya 15 ya mwezi wa kwanza, wa saba na wa kumi kwa kalenda ya mwezi. Ukilala nyumbani kwa mtu badala ya hotelini, sheria inataka ujiandikishe polisi ndani ya saa 24. Usilipuuze hilo, maana atakayesumbuliwa baada yako ni mwenyeji.

Mandarini ya darasani haitoshi. Wazee wa huko huongea lahaja za Kijin, na hata Mchina wa Beijing huachwa njiani. Mchukue kijana wa wilaya hiyo hiyo aliyemaliza sekondari. Profesa kutoka mjini atawafanya wazee waongee kama wanasoma risala.

Ukifika, usikimbilie kwenye jeneza. Makuhani, mara nyingi sita hivi, hupewa chumba kwa jirani, na hicho ndicho ukumbi wao wa maandiko. Wanatoka hapo kwa msafara hadi mbele ya jeneza, wanaimba, wanarudi kunywa chai na kuvuta sigara, kisha wanatoka tena, mara kadhaa kwa siku. Kaa chumba hicho. Ndimo anamokaa mmoja akiandika kwa brashi hati zitakazochomwa, zenye jina la marehemu, tarehe zake na majina ya wanawe. Majira ya baridi, Januari, usiku ukishuka chini ya nyuzi 15 chini ya sifuri, utaona pia sheng ikipashwa moto. Ndani ya kila mrija unaolia kuna ulimi mwembamba wa shaba uliowekewa tone la nta ili sauti yake ikae sawa. Pumzi ikiganda juu yake, sauti inashuka au inakufa. Bila kulijua hilo utaandika kwamba wamekosea tuni.

Daftari lako liwe na safu sita: saa, mahali, jina la sehemu, ala zilizotumika, maneno ya kwanza ya wimbo, na jamaa wa marehemu wanafanya nini wakati huo. Safu ya tano ndiyo ufunguo. Silabi moja inaweza kuvutwa kwa sekunde nyingi hata msikilizaji asiambulie neno, lakini ukiwa na mstari wa kwanza utaupata wimbo kwenye kitabu. Safu ya sita ndiyo watu huiacha wazi, kisha wanashangaa kwa nini hawaelewi sehemu kama kwenda kuchota maji kisimani au kuwaalika wafu jioni nje ya kijiji, ambamo wafiwa wana kazi kama makuhani.

Vitabu vya mkono piga picha ukurasa kwa ukurasa, kwa ruhusa, pamoja na jalada na maandishi ya mwisho yanayotaja mnakili na mwaka. Vingi viliteketea wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni (1966–76), na vingi vilivyopo vilinakiliwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Usidhani kitabu ni ratiba. Kina ibada ambazo hakuna anayezifanya tena, na zile zinazofanywa huimbwa kwa kichwa, kitabu kikiwa kimefungwa. Noti za gongche nazo, yaani maandishi ya jadi ya muziki wa Kichina (he, si, yi, shang, che, gong, fan, liu, wu) ni mifupa tu ya wimbo. Nyama anaiweka mpiga guanzi. Mwombe akuimbie noti kwa mdomo kwanza, kisha apige. Tofauti kati ya hayo mawili ndiyo somo lenyewe.

Kurekodi: biti 24, kilohezi 48, na vilele vya sauti visizidi desibeli 18 chini ya sifuri wakati wa kuimba, kwa sababu matoazi makubwa yatalipuka bila taarifa, na fataki zitafuata. Simama mita tatu au nne, pembeni mwa matoazi, si mbele yake. Weka kinasa cha pili kwenye ukumbi wa maandiko na ulinganishe saa zake na za kamera asubuhi. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Langoni kutakuwa na bendi ya suona, ndugu wa nzumari ya pwani yetu, na siku hizi pengine jukwaa la muziki wa pop wenye spika kubwa. Usiwaombe wazime. Hiyo ndiyo sauti halisi ya msiba wa leo, na kujua familia imeweka pesa wapi ni sehemu ya utafiti.

Usiwaombe makuhani waimbe nyimbo za msiba nyumbani kwao ili upate rekodi safi. Mara nyingi ni nuksi, na wakikubali watakupa toleo fupi. Wala usiwalipe waongeze sehemu. Utakuwa umerekodi ibada yako mwenyewe. Toa rambirambi kama majirani, bahasha nyeupe, na uulize mezani kwa mwenye daftari la rambirambi kiasi kinachofaa.

Kwenye mahojiano, swali la "hii ina maana gani" huzaa jibu la kitabuni au kicheko. Uliza kinachofuata nini, nani anaamua kufupisha, na baba yake alikuwa akifanya nini ambacho yeye hakifanyi. Familia wape nakala ya video kabla hujaondoka wilayani, na zile hati zenye majina ya watu zifiche kabla ya kuweka chochote mtandaoni.