Kabla hujasema "ningekuwa mimi"

Ukiishi Marekani, hukawii kusikia mtu akiitwa "kwotabeki wa Jumatatu asubuhi". Kwotabeki ni mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Mechi nyingi za NFL, ligi yao ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kushika mpira kwa mikono, huchezwa Jumapili. Kesho yake kazini, mtu anakunywa kahawa taratibu huku akieleza pasi ile ilipaswa kwenda kwa nani. Kwotabeki mwenyewe alikuwa na sekunde mbili tatu za kuamua, na mapande ya watu yanamjia kumwangusha. Msemaji wa Jumatatu amelala, ameamka, na matokeo anayo. Ni ndugu wa wale makocha wetu wa vijiweni.

Mfano wangu siku zote ni Super Bowl, yaani fainali ya NFL, ya tarehe 1 Februari 2015. Seattle Seahawks wako nyuma kwa 28-24 dhidi ya New England Patriots, zimebaki sekunde 26, na mpira uko yadi moja tu kutoka mstari wa kufungia. Wanaye Marshawn Lynch, mkimbiaji anayepasua ukuta wa mabeki kama trekta. Timu ya kocha Pete Carroll ikachagua pasi. Kwotabeki wao, Russell Wilson, akarusha. Malcolm Butler wa Patriots, kijana wa msimu wa kwanza ambaye hakuna timu iliyomchukua kwenye drafti, ile siku timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, akawahi na kuunasa mpira. Kombe likaenda kwa Patriots.

Carroll alisemwa vibaya mno. Kila mtu "alijua" Lynch ndiye wa kupewa. Lakini hebu simama pale alipokuwa amesimama yeye. Seattle walibakiwa na nafasi moja tu ya kusimamisha saa. Lynch akizuiwa, saa inaendelea kutembea. Pasi ikianguka chini, saa inasimama. Kwa kuanza na pasi walikuwa wanatafuta muda wa kujaribu mara tatu badala ya mbili. Na msimu ule, kabla ya usiku huo, hakuna pasi hata moja ya kutoka yadi moja iliyokuwa imenaswa na wapinzani. Mimi bado naamini pasi ya pembeni ingekuwa salama kuliko ile ya katikati ya msongamano. Hilo linajadilika. Kumwita mtu mjinga kwa sababu ya matokeo ni jambo jingine kabisa.

Wanasaikolojia Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliliona hili katika utafiti waliouchapisha mwaka 1975. Waliwauliza watu, kabla ya safari za Rais Nixon za Beijing na Moscow mwaka 1972, wakadirie nini kingetokea. Baadaye wakawataka wakumbuke makadirio yao. Kwa yale yaliyotokea, wengi walikumbuka kwamba walikuwa na uhakika mkubwa kuliko ule waliokuwa nao kweli. Kwa hiyo huyo anayekwambia "nilijua" huenda hasemi uongo. Kumbukumbu yake ndiyo imehama.

Ninaongoza zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo. Majira ya baridi fulani mwenzangu aliruhusu lori liondoke, theluji ikalikwamisha njiani hadi asubuhi. Kikao kikaanza kwa maneno makali. Niliomba tufungue kwanza utabiri wa hali ya hewa wa saa ile alipoamua. Ulisema theluji ingeanza baada ya alfajiri, na lori lilitakiwa liwe limefika kabla ya hapo. Sauti zilishuka, tukaanza kuzungumzia cha maana: nani anaangalia utabiri tena lori likiwa tayari barabarani? Hakukuwa na mtu. Sasa yupo.

Nakushauri ufanye hivyohivyo, kazini hata nyumbani mtoto anapofeli mtihani au biashara ya ndugu inapoyumba. Uliza alijua nini siku ile, na alikuwa na njia gani nyingine mkononi. Na uamuzi mkubwa ukiwa mbele yenu, kila mmoja aandike maoni yake kabla, pamoja na sababu.

Ila usikubali bosi aligeuze jina hili kuwa kufuli la midomo. Timu za NFL zenyewe hukaa baada ya mechi kutazama mikanda na kuulizana maswali magumu. Na mtu aliyetahadharisha mapema akapuuzwa hastahili kabisa kuitwa kwotabeki wa Jumatatu. Kwenye vikao vyetu, huyo ndiye ninayempa nafasi ya kwanza kuongea.