Re: Simulesheni ya foleni Jogoo Road, SUMO inatosha?

Boss, umeuliza kama SUMO, ile programu ya kuiga mwendo wa magari kwa kompyuta, itatosha kwa foleni ya Jogoo Road, Nairobi, ama ununue programu nyingine. Inatosha, ni ya bure, na ramani unavuta tu OpenStreetMap. Kasheshe ni matatu bana, ukiziacha zisimame steji pekee modeli itakuonyesha barabara imefunguka kabisa na wewe unajua vile pale Burma nganya inasimama katikati ya leni, makanga anaita watu na nyuma ni honi tu. Kwa hivyo tafuta vijana wahesabu magari kila dakika 15, asubuhi na jioni, ujumlishe kwa saa halafu ulinganishe na modeli kwa kipimo cha GEH, yaani fomula ya kuonyesha modeli imepishana kiasi gani na hesabu ya barabarani, ikiwa chini ya 5 kwa asilimia 85 ya hesabu zako uko sawa. Kabla ya hapo usiguse taa za trafiki kwenye modeli.