Jibu: Nahodha alikuwa mwajiriwa au mwenye meli?
Habari, ndugu. Umekwama kwa sababu hati moja ya zamani inamwita nahodha unayemtafiti, wa mto Missouri huko Marekani, mwajiriwa na nyingine mwenye meli. Anza na cheti cha usajili wa meli, kinachotaja wamiliki, hisa zao na nahodha. Mimi nilipekua magazeti miezi kadhaa kabla ya kukifungua, nikajilaumu. Mara nyingi nahodha alikuwa yote mawili, mwajiriwa na mwenye meli. Mfano ni nahodha Joseph LaBarge wa mji wa St. Louis, aliyemwoa Pelagie Guerette mwaka 1842, aliwahi kuendesha meli za wafanyabiashara wa manyoya, kisha mwaka 1862 akaingia ubia na wenzake, na meli zao Emilie na Shreveport zikapanda mto hadi Fort Benton, kituo cha biashara huko Montana. Kuhusu familia, pitia daftari za ubatizo za parokia, ukikumbuka kwamba majira ya baridi, mto ulipoganda na meli kusimama, nahodha kwa kawaida alikuwa nyumbani.