Mpenzi Aliyetungwa na Mwandishi

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Nimetazama filamu ya Ruby Sparks, ambamo mwandishi kijana, Calvin, anamkuta nyumbani kwake, akiwa hai, mwanamke aliyemtunga katika mswada, Ruby, na kila anachoandika juu yake kinatimia. Rafiki yangu anashikilia kuwa hayo ni mapenzi. Mimi naona ni utumwa. Nani kati yetu amesema kweli? Nauliza kwa kuwa nami naandika filamu ya mapenzi, na nimeambiwa kwamba mhusika wangu wa kike hana nafsi.
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, nakuunga mkono, ingawa rafiki yako hajakosea kabisa, kwani mwanzoni Calvin anaufungia mswada na kuazimia kutoandika tena neno lolote juu ya Ruby, na furaha yao ya siku hizo naiamini. Azimio hilo linavunjika Ruby anapoanza kujitafutia marafiki na shughuli zake. Calvin anaandika kwamba Ruby anateseka akiwa mbali naye, na papo hapo Ruby anamganda asitake kumwachia hata mkono. Anaandika kwamba ana furaha daima, na furaha hiyo inamchosha Calvin mwenyewe, maana anajua ilikotoka. Kadiri anavyomsahihisha ndivyo anavyozidi kubaki peke yake ndani ya nyumba yenye watu wawili.

Kisa hiki kina asili ya kale. Ovid, mshairi wa Kirumi, alisimulia habari za Pygmalion, mchongaji aliyeipenda sanamu yake hadi Venus, mungu wa kike wa mapenzi, akaitia uhai. Lakini sanamu hiyo haitamki neno. Filamu hii ya 2012 iliandikwa na Zoe Kazan, ambaye ndiye pia aliyeigiza Ruby, na kwangu hilo ni jambo kubwa, kwa sababu safari hii aliyeumbwa ndiye mwenye kalamu.

Kuhusu mswada wako, usikimbilie kumwongezea mhusika sifa. Shuleni tulifundishwa kutofautisha mhusika bapa, asiyebadilika, na mhusika duara, anayebadilika kama mtu halisi, na wengi wetu tukadhani uduara ni wingi wa sifa. Ruby anazo tangu siku ya kwanza: ni mchoraji, ana mji alikotoka, ana ucheshi. Nafsi yake hudhihirika anapotaka jambo ambalo Calvin hakuliandika. Mpe wako haja ambayo mpenzi wake hawezi kuitimiza, kisha andika onyesho ambalo mwanamume anamsihi asiondoke, naye aondoke. Umfuate uone anakofikia, hata ikikulazimu kuutupa mwisho uliokwisha kuupanga.