Je, Hekima Huja Yenyewe Pamoja na Mvi?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tabora, na mwakani nitastaafu kwa lazima nitakapotimiza miaka 60. Tangu mvi zianze kuonekana, majirani na jamaa huniita katika kila kikao cha usuluhishi, wakisema kwamba penye wazee haliharibiki jambo. Wengine nawasuluhisha vizuri, lakini ya nyumbani kwangu yananishinda, hasa ugomvi wangu na kaka yangu kuhusu shamba alilotuachia marehemu baba. Nilidhani hekima ingekuja pamoja na umri. Je, katika umri huu bado inatafutika, na nianzie wapi?
Mwalimu, Tabora

JIBU: Mwalimu, pokea salaam zangu, na pole, kwa maana ugomvi wa urithi kati ya ndugu wa damu huumiza kuliko ugomvi na mtu baki.

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Hawakusema kwamba kila aliyeona ameelewa, na uchunguzi wa kitaalamu unakubaliana nao. Kuanzia miaka ya 1980, mwanasaikolojia Paul Baltes na wenzake katika Taasisi ya Max Planck mjini Berlin, Ujerumani, waliwapa watu wa rika mbalimbali masuala magumu ya maisha na kuwataka wayafikirie kwa sauti. Suala moja lilimhusu binti wa miaka 15 anayetaka kuolewa mara moja. Aliyejibu papo hapo kwamba haiwezekani, kisha akanyamaza, alipata alama za chini. Si kwamba watafiti waliidhinisha ndoa ya mtoto. Walichotafuta ni mtu anayeuliza kwanza binti huyo anaishi na nani, ana wazazi au ni yatima, anaumwa ugonjwa usiopona au anakimbia jambo fulani, na kila uamuzi utazaa nini baadaye. Walipolinganisha majibu, waligundua kwamba kuanzia umri wa ujana hadi kama miaka 75, umri peke yake haukuleta tofauti kubwa. Waliofanya vizuri zaidi ni wale waliokuwa tayari kupokea mawazo mapya na waliozoea kuongoza wengine katika matatizo yao.

Kwa hiyo hukupunjwa kitu, Mwalimu. Miaka 59 imekupa mambo mengi ya kutafakari, na kazi ya kuyatafakari imebaki mikononi mwako.

Kuhusu kaka yako, hali yako ni ya wengi kuliko unavyodhani. Kinyozi hajinyoi. Mwaka 2014 watafiti Igor Grossmann na Ethan Kross walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu hupima mambo kwa hekima zaidi wanapofikiria usaliti uliompata rafiki katika mapenzi kuliko usaliti huo huo ukiwapata wenyewe, na kwamba wazee wa miaka 60 hadi 80 hawakuwa na nafuu yoyote juu ya vijana katika jambo hilo. Hata hivyo, washiriki walipotakiwa kulitazama tatizo lao kana kwamba ni la mtu mwingine, pengo hilo lilitoweka. Basi chukua daftari, andika kisa cha shamba hilo tangu siku ya mazishi, lakini kiandike kama kisa cha ndugu wawili wa kijiji cha mbali walioletwa mbele yako uwasuluhishe. Mpe kaka mkubwa na mdogo nafasi sawa ya kusema. Ukifika mahali ambapo kalamu inasita, simama hapo ujiulize kwa nini, maana mara nyingi ndipo penye neno ambalo hujataka kulisikia kutoka kwake.

Kuna jambo jingine ambalo naliona zito zaidi kwetu sisi tuliokwisha kuitwa wazee. Kijana akikosea husahihishwa siku hiyo hiyo, na wakati mwingine kwa ukali. Mzee akikosea, watu huinamisha macho kwa adabu na kuondoka. Heshima tunayopewa ni njema, nami siombi ipungue, lakini hutunyima masahihisho ambayo ndiyo yaliyotufundisha tulipokuwa wadogo, na anayekaa miaka 20 bila kupingwa huanza kudhani kwamba ukimya wa wenzake ni kukubali. Ni lazima tuyaendee masahihisho wenyewe. Kimani Maruge wa Kenya alifanya hivyo waziwazi: mwaka 2004, baada ya elimu ya msingi kufanywa bure, alijiandikisha darasa la kwanza mjini Eldoret akiwa na umri wa miaka 84, akaketi kati ya watoto kwa sababu alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Wewe huna haja ya kurudi darasani, lakini mtafute mtu mmoja, hata awe mdogo kwako, umpe ruhusa ya kukuambia ulipokosea, na siku atakapoitumia ruhusa hiyo mshukuru kabla ya kujitetea.

SWALI: Shikamoo. Baba yangu alistaafu bandarini, na sasa hakubali kusahihishwa hata anapokosea dhahiri. Sisi watoto tufanye nini bila kumvunjia heshima?
Binti, Mombasa

JIBU: Marahaba, binti yangu. Jibu nililompa Mwalimu linakuhusu nawe, kwa upande wa pili. Msimpinge mbele ya wageni wala mbele ya wajukuu, kwa kuwa hapo hatalipima neno lenu bali atailinda hadhi yake. Mwende mmoja tu, akiwa ametulia, na muulize kuhusu kazi yake: ni uamuzi gani wa zamani ambao leo angeufanya kwa namna nyingine, na nani alimfungua macho? Mzee anayekumbuka jinsi alivyosahihishwa na msimamizi wake bandarini huwa mwepesi kulisikia neno lako ukilileta baada ya hapo. Lilete kama swali, kisha umpe siku kadhaa bila kudai jibu. Asipobadilika mara ya kwanza, rudi tena. Na akikubali, usiwatangazie ndugu zako kwamba umemshinda.