Shemeji kashikwa eapoti na unga, atapata bondi? Nawajibu kama mdhamini

Dada umeuliza kama shemeji yako alioshikwa eapoti na begi la unga, yaani dawa za kulevya, anaweza kupewa bondi (dhamana ya kungoja kesi akiwa nje), na ukasema wakili mliyempata anawaambia kesi za unga hazina dhamana ila mkileta laki mbili yeye anajua pa kupitia. Nimesoma majibu hapo juu, nusu wanakwambia sahau, nusu wanakwambia toa hiyo pesa. Mimi nilimdhamini mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kwa kesi ya namna hiyo hiyo na mpaka leo hati yangu ya kiwanja iko kortini, kwa hivo hapa sihadithii ya kusikia. Eapoti gani na korti gani sitaji, kesi bado inaendelea.

Kwanza huyo wakili muachane naye. Kenya tangu katiba ya 2010 hakuna kosa lisilokuwa na dhamana, hata la kuua mtu. Kifungu cha 49 kinasema aliyeshikwa ana haki ya kuachiliwa kwa masharti yanayoingia akilini, isipokuwa kukiwa na sababu nzito za kumzuia. Na hizo sababu si nyinyi wa kuzipangua kabla hazijaletwa, ni upande wa mashtaka uzilete, kawaida afisa wa upelelezi anaapa karatasi yake kwamba huyu atatoroka, hana makao, wenzake hawajashikwa, atawatisha mashahidi. Kusema tu kosa ni kubwa hakutoshi, ingawa tusidanganyane, ukubwa wa kosa unaangaliwa, manake mtu anayeona miaka chungu nzima ya jela mbele yake miguu inamuwasha.

Na eapoti ina ubaya wake. Mtu kashikwa na pasipoti mkononi na tikiti mfukoni, yaani hoja ya kutoroka prosekuta hahangaiki kuitafuta. Akiwa mgeni ndo taabu zaidi, ataulizwa analala wapi na Mkenya gani atamsimamia. Mwenyeji kwa kawaida anaambiwa asalimishe pasipoti na awe anaripoti kwa polisi. Kama shemeji kameza kete (vifurushi vidogo vya unga), wale tunaowaita punda, basi siku ya kwanza usitarajie kitu, lazima wamfikishe kortini ndani ya saa 24 lakini wanaomba siku zaidi wamuangalie mpaka kete zote zitoke. Asubuhi ile ya mpwa wangu palikuwa na kijana mmoja wa hivo kwenye benchi, kajikunyata anashika tumbo, askari kila mara anamuuliza "vipi, bado?" na watu wanacheka, mimi sikuweza kucheka.

Wetu hakumeza, lilikuwa begi. Alikuwa anakwenda kutafuta kazi nje, akapewa na "ajenti" begi la kumpelekea mtu viatu. Kama alijua ama hakujua kilichoko kwenye soli mimi simuapii, hiyo ni ya korti.

Sasa sikiliza hapa. Hakimu alimpa bondi wiki ya tatu. Yeye akatoka wiki ya tisa. Hizo wiki sita za katikati hakimu hana lawama, prosekuta hana lawama, ni makaratasi ya ardhi yetu sisi wenyewe.

Kabla ya bondi aliletwa afisa wa probeshen huku Malindi kuuliza kijana ni nani. Akaenda kwa mzee wa mtaa, akaenda kwa majirani, jirani mmoja mama mtu mzima akamwambia "mtoto mzuri ila ana mdomo", na hiyo ikaandikwa kwenye ripoti wallahi. Lakini ripoti ndo ilomsaidia, ilionyesha kazaliwa hapa, mamake yuko hapa, hajawahi kushtakiwa. Korti inataka kuona mizizi. Kwa hivo ongeeni na mzee wa mtaa na chifu mapema, afisa asikute nyumba imefungwa.

Basi ikatoka bondi ya milioni 2 na mdhamini wa kiasi hicho, ama keshi laki 8. Laki 8 nani anayo? Tukasema shamba lipo. Babangu aliacha ekari nne Ganda, minazi na miembe. Nikaibeba ile hati kwenye mfuko wa nailoni kama naibeba yai. Karani akaifungua, akasoma jina, akaniuliza "huyu ndiye wewe?" Nikamwambia huyo ni baba, alishafariki. Akaifunga akanirudishia. Mirathi hatukufanya, miaka kumi na moja tunakula nazi za marehemu na hakuna alofikiria kubadilisha jina. Shemeji yangu mimi naye ana pahala pakubwa tu, nyumba ya mawe, lakini ni wale wanaoitwa maskwota, kaishi hapo tangu kuzaliwa na hana karatasi hata moja. Huku kwetu pwani nyumba ngapi ziko hivo? Tajiri wa unga yeye anaweka keshi mchana huo huo, punda wake anaozea rumande kwa sababu babu yake hakupimiwa ardhi. Halafu watu wanasema korti inawapendelea wakubwa. Hapo sheria ni moja, makabati ndo mbalimbali.

Mwisho nikatoa kiwanja changu cha Maweni, kidogo lakini kina jina langu. Bado nikatakiwa sachi mpya ya ofisi ya ardhi (karatasi inayoonyesha ardhi ni ya nani), ripoti ya mthamini anayekadiria bei ya kiwanja (nimemlipa mimi), kitambulisho, pin ya kodi ya KRA, picha, barua ya chifu. Siku ya kuhojiwa hakimu akaniuliza kazi, nikasema nina boti. Una nini zaidi? Nikababaika, nikasema nina minazi. Mingapi? Nikamjibu sijaihesabu tangu ile miwili ianguke. Korti ikacheka, hata yeye. Kisha akawa hacheki, akaniuliza najua kwamba kijana akipotea hiki kiwanja kinaweza kuchukuliwa, na nikishindwa kulipa naweza kufungwa mimi. Nikasema najua. Kweli nilikuwa nishaambiwa, lakini kuambiwa na wakili si kama kuambiwa na yule anayeandika.

Mtaani nikasemwa. Na siwalaumu, mji huu umeumizwa na unga, unawaona vijana asubuhi hospitali kwa dawa ya methadoni, na watu wazima hawajasahau Disemba 2004 kokeni zaidi ya tani moja ilipopatikana Nairobi na hapa hapa Malindi. Kuna aloniambia "unamdhamini muuaji". Wengine wananitajia kina Akasha, wale ndugu wa kesi ya unga, ati walikuwa nje kwa dhamana Mombasa wakitamba. Walikuwa nje kweli, lakini Januari 2017 walipotakiwa walipatikana nyumbani wakapelekwa Marekani, na mmoja wao, Baktash, akapewa miaka 25 jela mwaka 2019. Dhamana si kuachiwa huru, ni kungoja kesi ukiwa nje.

Na kungoja ni kungoja. Menshen (kesi inatajwa tu, haisikizwi), shahidi hakuja, hakimu kahamishwa, tunaanza tena. Kila tarehe naamka naye alfajiri tunapanda basi pamoja, simwachi aende peke yake, ndo bima yangu hiyo. Mwaka jana mashine ya boti ilikufa, benki wakataka hati, hati iko kortini. Nikamaliza msimu kwa mashine ya kuazima.

Kama kiasi kikitoka kikubwa msichokiweza, wakili aombe kipunguzwe, akikataliwa aende High Court, huko wana uwezo wa kukishusha. Keshi mkiweka chukueni risiti muihifadhi kama cheti cha ndoa, inarudishwa kesi ikiisha kama hajaruka. Na bora mdhamini awe anayekaa na mshtakiwa karibu, sio binamu wa Nairobi anayemuona Idi mpaka Idi.

Ile laki mbili usiitoe. Jumatatu nenda ofisi ya ardhi na namba ya kile kiwanja ulichosema cha mama mkwe, fanya sachi, uone jina linalotoka. Likitoka la marehemu rudi hapa uniandikie, nikwambie tulivyoanza mirathi.